Konisi ya jipsamu: kwa nini pembe zako hazikutani

*"Shikamoo fundi. Nimemaliza chumba changu cha kulala hapa Bagamoyo, mita 3 kwa mita 3.6. Dari ya jipsamu bodi imeshapigwa na ukuta umeshapakwa rangi. Pale dari inapokutana na ukuta kuna ufa mwembamba unaozunguka chumba kizima. Mwaka jana niliuziba kwa puti, ukarudi. Nimenunua konisi ndogo za jipsamu, ile mikanda ya urembo ya kufunika pale dari inapokutana na ukuta, zina upana wa sentimita 10 hivi na urefu wa mita 2.4, nizipige mwenyewe. Mbili za kwanza nilizilaza mezani, nikapima nyuzi 45 kwa guni (kile kipimo cha pembe), nikakata. Nilipozipandisha kwenye kona, chini ziligusana lakini juu zikaacha pengo la kuingiza vidole. Kona moja ina nguzo iliyotokeza sentimita 20 kila upande. Jirani ananishauri nichanganye simenti nyeupe na poda ya jipsamu ili ishike vizuri. Mwingine anasema niachane na jipsamu, ninunue zile nyepesi za foma. Maji tunayotumia ni ya kisima na yana chumvi kidogo, sijui kama yana shida. Je, kazi hii anaiweza mtu asiye fundi, au nimeshatupa hela?"*

Marahaba. Hela hujaitupa, na hata hivyo vipande viwili ulivyokata usivitupe, kwa sababu pale kwenye nguzo tutavihitaji. Kazi yenyewe unaiweza. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 chenye dari bapa ndicho hasa ningemshauri mtu ajifunzie. Ila barua yako ina mambo mawili tofauti uliyoyafunga pamoja: ufa unaorudi na pembe zisizokutana. Tukianza na pembe tutakuwa tunapamba kitu ambacho huenda bado kinatembea, kwa hiyo tuanze na ufa.

Watu wengi hununua konisi wakiamini itaponya ufa wa dari. Haiponyi. Konisi hufunika kiungo cha dari na ukuta, lakini kama kiungo chenyewe kinacheza, kitaendelea kucheza huko ndani. Ukuta wako ni matofali na plasta, umetulia juu ya msingi. Dari inaning'inia kwenye mbao, mbao zimeshikwa na kenchi, yaani fremu inayobeba paa, na juu ya kenchi kuna bati linalopigwa na jua mchana na kupoa usiku. Mbao nyingi tunazouziwa hazijakauka vya kutosha, kwa hiyo zinasinyaa zikiwa tayari ziko juu. Masika huzifanya zivimbe kidogo, kiangazi huzirudisha. Ukuta haufuati mwendo huo. Mahali panapolazimika kuachia ni pale viwili hivi vinapokutana, na puti uliyopaka ni ngumu na nyembamba, haina namna ya kuvumilia hata nusu milimita. Ndiyo maana ufa ulirudi.

Sasa panda ngazi, weka kiganja kwenye dari karibu na ukuta, sukuma juu taratibu. Zunguka chumba kizima hivyo hivyo. Kama bodi imekaza, ufa wako ni ule wa kawaida wa kusinyaa na konisi itaufunika vizuri. Kama bodi inapanda na kushuka mkononi, ukingo wake haujashikwa na mbao, au skurubu ni chache mno. Hapo usiweke konisi kwanza. Kaza ukingo kwa skurubu za jipsamu, kila baada ya sentimita 15 hadi 20, mahali palipo na ubao nyuma yake. Kama ubao haupo, kuna kazi ya kufanywa juu ya dari kabla ya konisi kuzungumziwa. Ukikutana pia na doa la kahawia, usiendelee. Doa ni maji, na maji yanatoka kwenye bati.

Kuhusu foma: sina ugomvi nayo. Ni nyepesi, mtu mmoja anaiweka peke yake, na ikivunjika hasara ni ndogo. Lakini hubonyea ikiguswa na mpini wa fagio, na ikishika moto huyeyuka ikidondoka, ndiyo maana jikoni siipendi kabisa. Halafu ina tabia moja inayowashangaza wengi: gundi zenye kiyeyushi kikali, kama ile ya viatu, huila ikabaki mashimo, na rangi za mafuta pia huidhuru. Inahitaji gundi yake na rangi ya maji. Kwa mtu ambaye bado hajanunua chochote na chumba chake ni cha kupangisha, ningemwambia achukue foma. Wewe umeshanunua jipsamu, dari yako ni jipsamu, na poda itakayojaza makosa yako ni ileile iliyotengenezea konisi. Kwa mwanafunzi, hilo ni jambo kubwa: pengo la milimita 3 unalijaza, likikauka unalipiga msasa, na hakuna atakayelijua. Mbao zina uzuri wake, lakini kwa pwani na mchwa wetu, na kwa ustadi wa msumeno unaotakiwa pale kwenye kona, ziache kwa chumba cha baadaye.

Simenti nyeupe usichanganye. Najua ushauri huu umeenea, na jirani anautoa kwa nia njema. Poda ya jipsamu inashika kwa kunywa maji na kurudi kuwa jiwe la jipsamu, ikiota fuwele ndogo ndogo zinazofungamana. Simenti inashika kwa njia nyingine, polepole zaidi, na ikikutana na jipsamu penye unyevu hutengeneza chumvi ya aina nyingine inayovimba. Mchanganyiko unaweza kuonekana mgumu kweli siku ya kwanza, kisha ukaanza kupasuka na kubanduka baada ya miezi. Poda ya jipsamu peke yake, ikiwa mpya na kavu, inatosha kabisa kushika konisi ya ukubwa wako.

Na swali lako la maji ni zuri kuliko unavyofikiri. Chumvi huharakisha jipsamu kuganda, kwa hiyo ungejikuta unakimbizana na karai. Baadaye hiyohiyo chumvi huvuta unyevu wa hewa ya bahari, huozesha misumari na hujitokeza kama unga mweupe chini ya rangi. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Chumba kizima hakitamaliza ndoo mbili, hata ukiyanunua hayatakuumiza.

Sasa tuje kwenye pembe, ambako ndiko ulikokwama.

Konisi ikishawekwa haijalala ukutani wala haijalala darini. Imeegama katikati, ukingo mmoja ukigusa ukuta na mwingine ukigusa dari. Weka kipande chako ndani ya guni kama vile guni ndiyo kona ya ukuta na dari, kisha soma kila upande. Kwa konisi ya upana wa sentimita 10 yenye pande sawa utakuta inashuka ukutani karibu sentimita 7 na kutokeza darini karibu sentimita 7. Hizo 10 ulizopima ni za mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipoilaza mezani na kukata nyuzi 45, msumeno ulirudi nyuma sentimita 10 kwa sababu upana uliokuwa mezani ni 10. Lakini kule juu, kona ilihitaji ukingo wa dari urudi nyuma sentimita 7 tu. Umekata karibu sentimita 3 za ziada kila upande, zote kwenye ukingo wa dari. Ndiyo lile pengo la vidole. Mkono wako haukukosea wala guni haikudanganya. Kipande kilikuwa kimelala wakati kinakatwa, na kitaishi kikiwa kimeegama.

Ipo njia ya kukata konisi ikiwa imelala, lakini inataka mashine inayoinamisha msumeno pande mbili kwa pamoja. Kwa konisi yenye pande sawa kama yako, mashine ingezungushwa nyuzi 35.3 na kuinamishwa nyuzi 30. Mtu mwenye msumeno wa mkono hawezi kuvishika vipimo hivyo, na hana haja. Akiegemeza konisi ndani ya kisanduku jinsi itakavyoegama chumbani, nyuzi 45 za kawaida zinatosha, hesabu nyingine inajifanya yenyewe.

Kisanduku cha kukatia pembe kinauzwa madukani, lakini vingi ni vyembamba kwa konisi. Tengeneza chako kwa mbao tatu zilizonyooka: moja kitako, mbili kuta, urefu wa kama sentimita 60, upana wa ndani sentimita 12 hivi. Hakikisha kuta zimesimama wima kwa guni. Kupata nyuzi 45 bila chombo chochote, pima upana wa kisanduku kwa nje, kisha pima umbali huohuo kwenye urefu wake ili upate mraba, na uchore mstari kutoka pembe hadi pembe ya mraba huo. Chora mwingine ukielekea upande wa pili. Kata kuta zote mbili kwa msumeno kufuata mistari hiyo hadi ufike kwenye kitako. Mwisho, ndani ya kisanduku pigilia ubao mwembamba juu ya kitako, sentimita 7 kutoka ukuta wa nyuma, sambamba nao. Huo ni wa kuzuia konisi isiteleze. Hapo ulipoacha wazi kwa ajili ya msumeno, hakikisha msumari haupo.

Konisi inaingia kisandukuni kichwa chini. Kitako cha kisanduku ndiyo dari yako, ukuta wa nyuma wa kisanduku ndiyo ukuta wa chumba. Kwa hiyo ukingo wa dari unakaa kwenye kitako, ukibanwa na ule ubao mwembamba, na ukingo wa ukuta unaegemea nyuma, juu. Kwa kuwa umeigeuza, upande wa kushoto wa konisi sasa uko kulia kwako. Hapa ndipo wengi, hata waliozoea, wanakata vipande kinyume. Dawa yake ni penseli. Kabla ya kukata chochote, andika nyuma ya kila konisi UKUTA kwenye ukingo mmoja na DARI kwenye mwingine, na ukichora mahali pa kukata weka mshale unaoonyesha kipande kitakachobaki. Konisi yenye pande sawa haikuambii yenyewe ipi ni juu.

Kisha shika kanuni moja tu. Kwa kona ya ndani, ile ya kawaida ya chumba, ncha ndefu ya kipande lazima iwe nyuma, kwenye ukuta wa kisanduku. Kwa kona ya nje, kama ile ya nguzo yako, ncha ndefu iwe mbele, upande wako. Ukisimama na msumeno mkononi, usiwaze kushoto wala kulia. Jiulize ncha ndefu iko wapi. Sababu yake utaiona ukitazama kona ya chumba: kwenye kona ya ndani ukingo wa ukuta ndio unaofika hadi mwisho kabisa, ule wa dari unaishia sentimita 7 kabla. Kwenye kona ya nje mambo yanageuka, ukingo wa dari unaruka mbele ya nguzo kwa sentimita 7. Kutokana na hilo, vipimo vyote vya urefu vichukuliwe ukutani na kuhamishiwa kwenye ukingo wa UKUTA wa konisi. Ukipima darini utachanganyikiwa kabla ya kona ya pili.

Usianze na kipande cha mita 2.4. Chukua kimojawapo cha vile ulivyoharibu, kata viwili vifupi vya sentimita 30, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, kwa kona ya ndani. Hivyo ni vipimo vyako vya kutembea navyo. Vipandishe kwenye kila kona ya chumba, vikutanishe kwa mkono, utazame. Kona tano za ndani utazijua tabia zake zote kabla hujakata kipande cha kweli. Ni tano kwa sababu nguzo imeila kona moja na kuzaa mbili za ndani na moja ya nje.

Utagundua kwamba hakuna kona yenye nyuzi 90 kamili. Plasta hunenepa kwenye kona, hiyo ni kawaida ya nyumba zetu. Kama unataka kujua imekosea kiasi gani, pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na 80 kwenye wa pili kutoka kwenye kona, kisha pima mshazari. Ukipata 100, kona ni ya haki. Ukipata 101, imefunguka kwa kama nyuzi moja na kidogo, na kwa konisi yako hiyo ni pengo la milimita 2 hadi 3. Usikate upya kwa ajili ya hilo, lijaze. Likizidi milimita 5, punguza taratibu kwa msasa au wembe wa kukatia bodi upande wa nyuma wa ncha, ule usioonekana, hadi uso ukutane.

Kabla ya kubandika, chora. Chukua kipande kifupi, kiegamishe kwenye kona ya ukuta na dari kila baada ya mita moja, weka alama ya penseli kinapoishia ukutani na kinapoishia darini, kisha unganisha alama kwa kamba ya chaki. Mistari ya darini itakatana karibu na kila kona, na hapo inapokatana ndipo ncha za juu za konisi mbili zinapaswa kukutana, kona iwe ya haki au isiwe ya haki. Mistari hiyo itakuonyesha pia dari ilipobonyea. Ikiwa mbonyeo ni mdogo, konisi ndogo ifuate dari, usiishindanishe na pimamaji. Jicho la mtu aliyelala kitandani linaona pengo, halioni kwamba mstari umeshuka milimita 4. Mbonyeo ukizidi sentimita moja, gawanya kosa: shusha konisi kidogo pale dari ilipopanda, kisha jaza pengo linalobaki juu yake.

Kisha kuna habari isiyopendeza. Ukuta umeshapakwa rangi, na jipsamu ikibandikwa juu ya rangi inashika ile rangi tu, haishiki plasta, kwa hiyo rangi ikibanduka konisi inadondoka nayo. Kwangua ndani ya mistari, ukiacha kama nusu sentimita kutoka kwenye mstari ili kosa lisitokeze chini ya konisi. Kama ni rangi ya maji, skrepa na brashi ya waya zinatosha. Kama ni ya mafuta, kwangua hadi uione plasta, na uchonge mikwaruzo ya mshazari kwa ncha ya skrepa. Darini kwangua rangi kwa upole usichane karatasi ya bodi. Futa vumbi. Sehemu hii inachosha na haina sifa, lakini konisi nyingi nilizoitwa kuzitazama baada ya kudondoka zilidondoka na rangi ikiwa imebaki mgongoni mwake.

Kwa hesabu ya vipande: mzunguko wa chumba chako ni mita 13.2, na nguzo ya kwenye kona haiubadilishi, kwani kile inachokata kwenye kuta mbili inakirudisha kwa nyuso zake mbili. Kwa mita 2.4 kila kimoja, hesabu kavu inatoa vitano na nusu. Uwe na vinane. Kuta zako ni mita 3, 3.6, 2.8 na 3.4, kwa hiyo kila ukuta utakuwa na kiungo kimoja. Viungo hivyo viweke mbali na dirisha, kwa maana mwanga wa ubavuni huonyesha kila kitu. Kwenye kiungo cha katikati acha nafasi ya milimita 3 uijaze jipsamu. Ukizibana kavu kwa kavu, hapo ndipo patakapopasuka. Unapokata, kata hadi mwisho. Ndani ya konisi nyingi kuna nyuzi za katani au za plastiki, na ukivunja kwa mkono zitachomoka na kipande cha uso.

Siku ya kubandika, mpate mtu wa kukusaidia. Kipande cha mita 2.4 si kizito sana lakini ni kirefu, na kinavunjika kikishikwa ncha moja. Ngazi mbili zenye ubao katikati ni salama kuliko ngazi moja unayoshuka na kupanda. Vaeni miwani, maana mtakuwa mnatazama juu huku unga ukidondoka, na barakoa wakati wa kukata na kupiga msasa. Kama kuna waya za taa zinazopita ukutani juu, zima umeme kabla ya kupiga msumari wowote.

Anza na kona iliyo nyuma ya mlango, mlango ukifunguliwa. Makosa yako ya kwanza yakae huko.

Mimina maji kwanza kwenye karai, kisha nyunyiza poda juu yake hadi vilima vidogo vianze kutokeza, iache inywe kwa dakika moja au mbili, halafu koroga taratibu. Ukimwaga maji juu ya poda utapata madonge. Changanya kiasi cha konisi moja tu, kwa sababu una dakika chache tu, kulingana na poda, kabla haijaanza kukaza. Ikianza kukaza, usiiongezee maji. Itaonekana laini tena, lakini utakuwa umevunja zile fuwele zilizoanza kufungamana, na haitashika. Mwaga. Osha karai kabisa kabla ya mchanganyiko unaofuata, kwani mabaki ya zamani huufanya mpya ugande haraka kuliko unavyotarajia. Ndiyo sababu watu hudhani poda imeharibika kufikia mchana.

Lowesha ukuta na mgongo wa konisi kwa brashi yenye maji, vipate unyevu bila kutiririka. Bila hivyo plasta kavu itanyonya maji ya jipsamu kabla haijashika. Paka jipsamu kwa wingi kwenye kingo zote mbili za mgongo na kwenye ncha ya kona. Pandisha, sukuma hadi ifike kwenye mistari na jipsamu itokeze kidogo pande zote. Piga misumari miwili au mitatu ukutani chini ya ukingo wa konisi, isiitoboe, iwe imeibeba tu. Ukuta wa tofali la simenti utahitaji misumari ya zege. Futa iliyotokeza kwa skrepa ikiwa bado laini na pitisha brashi yenye maji. Misumari itolewe ikishakaza, na matundu yazibwe. Ukiacha msumari wa kawaida ndani ya jipsamu, kwa hewa ya Bagamoyo, utakuja kuona doa la kutu juu ya rangi nyeupe.

Nguzo iache mwisho. Vile vipande viwili vya sentimita 20 kwenye nyuso zake ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa sababu kila kimoja kina kona ya ndani upande huu na ya nje upande ule. Vikate kutoka kwenye masalia yako, na ukikosea unacho kingine. Vikutanishe chini mezani kwanza, ukivibana kwenye pembe ya boksi lolote, kabla ya kuvipandisha.

Ule ukingo wa juu, mahali konisi inapogusa dari, usiumalizie kwa jipsamu ngumu pekee. Jaza mapengo makubwa kwa jipsamu, lakini mstari wa mwisho, ule mwembamba kama uzi, uzibe kwa gundi ya akriliki ya kuzibia nyufa, ile inayosukumwa kwa bunduki yake. Hiyo hubaki na mnyumbuko, ikavumilia mwendo mdogo wa dari, na inapokea rangi. Silikoni ya bafuni usitumie, rangi haikai juu yake. Hapa ndipo ufa wako wa mwaka jana unapopata jibu lake: huwezi kuizuia dari isitembee, lakini unaweza kuipa mahali pa kutembelea bila kupasua kitu. Ukiuona uzi umerudi mwakani upande huo, ni dakika za kuuziba, si kubomoa.

Rangi isubiri hadi konisi iwe nyeupe kote na isiwe baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Wakati wa unyevu hiyo inaweza kuchukua wiki. Mkono wa kwanza uwe wa rangi ya maji iliyozimuliwa, kwani jipsamu mpya ina kiu.

Mwite fundi aje atazame kwa macho kabla ya kuendelea kama dari imebonyea katikati, kama ule ufa unapita darini na kushuka ukutani kwa mshazari, au kama upana wake upande mmoja wa chumba unazidi wa upande mwingine kwa zaidi ya milimita 5. Hizo si habari za konisi, ni za kenchi au msingi, na jipsamu itazificha kwa muda tu. Na kama siku moja utataka kufanya hivi kwenye nyumba ya zamani ya familia yenye dari au paa la asbesto, usikate, usipige msasa, usipige msumari, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ikibaki ile nguzo tu ndiyo imekushinda, hakuna aibu kumlipa fundi kwa kona hiyo moja. Mwambie mapema kwamba mengine umefanya mwenyewe, na mkubaliane bei kabla hajapanda ngazi, maana wengine wakiona kazi ya mtu mwingine huanza kwa kutaka kuibomoa yote.